Koo Langu Lilivyotufungia Geti Kajiado

Chekeni tu, mimi nishalia vya kutosha. Sauti ilikuwa imenikauka wiki nzima, na mimi ndiye niliyetegemewa kuongoza nyimbo kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya Kamau, mtoto wa dada yangu, kule Kajiado kwa kina msichana, na mnajua kwetu Wakikuyu, wanawake wa upande wa mvulana wasipoimba vizuri pale nje, geti halifunguliwi. Daktari wa hapa Kitengela alisema koo limevimba kwa kupiga kelele (nauza nguo sokoni, mdomo ndio biashara), nipumzishe sauti, ninywe maji, na nisinong'one maana hiyo pia inaliumiza. Dada akaniomba nimwachie Mama Shiru, mwimbaji mwenzangu, aanzishe nyimbo. Nikawaka! Miaka yote naongoza mimi, leo Mama Shiru? Nikatafuna tangawizi na pilipili, nikafanya mazoezi ya kuimba hadi jioni.

Siku ya ruracio, pale getini, nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya bawaba iliyokosa mafuta. Wanawake wa ndani wakaangua kicheko. Nikalazimisha, kikohozi kikanishika, nikakohoa nimeinama, leso mdomoni, mpaka kicheko kikaisha chenyewe, na hapo ndipo nikaogopa.

Cucu wa msichana, nyanya yake, akachungulia. "Huyo ako na kifua? Nyumba yenu iko na ugonjwa na mnataka mtoto wetu?"

"Ni koo tu, Cucu," dada akajibu.

"Koo tu inakohoa hivyo?"

Kamau alikuwa ameinamisha kichwa, na nilitamani ardhi inimeze. Mama Shiru, bila kuulizwa, akaanzisha wimbo, na geti likafunguliwa kabla hata hajaumaliza (hiyo iliniuma kuliko koo). Lakini ndani Cucu akasema chakula tutakula, ila tarehe ya harusi haitatajwa mpaka huyo mama apimwe kifua kikuu.

Nikaenda kupimwa. Kungoja majibu kulininyima usingizi, nikanyamaza kweli kweli, nikiuza nguo kwa ishara za vidole. Majibu yakaja, sina kifua kikuu.

Kamau akapiga simu (mimi dada ya mama yake huniita Tata). "Tata, wamesema nini?"

"Niko sawa," nikasema, na sauti ikatoka laini, nzuri ajabu, nikashangaa mwenyewe.

Akashusha pumzi. "Asante Mungu. Basi Tata, usikasirike, lakini siku ya harusi ataongoza Mama Shiru."

Sikukasirika. Koo likikwaruza tena nitanyamaza mapema, kabla sijanyamazishwa kwenye geti la watu.