Mkazi wa Mia Mbili

Serikali ilimpeleka mlimani kwa miezi mitatu. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita, na barua ya kumrudisha bondeni, kama iliwahi kuandikwa, basi bado inapanda. Muuguzi huyo, ambaye huko juu haitwi jina lingine ila Nesi, alikuta zahanati ya vyumba viwili, kitanda kimoja, na dirisha lililozibwa kwa gunia. Akazalisha, akashona majeraha, akaolewa na mkulima wa viazi mwenye maneno machache, akajipatia na mama mkwe aliyeyachukua yale maneno mengine yote.

Asitokee mtu akamsingizia kwamba aliupenda mlima. Aliuchukia kwa sababu zote zinazofundishwa shuleni, na kwa nyingine ambazo waandishi wa vitabu hawajawahi kuzibeba mgongoni. Baridi iliunguza viazi vikiwa bado majani. Udongo ulikaa juu ya mwamba kama siagi kwenye mkate wa mchoyo, na kila mvua kubwa iliuteremsha kwenda kuneemesha mashamba ya wengine. Maji yalifuatwa mwendo wa saa nzima. Mjamzito aliyezidiwa aliteremshwa akiwa amefungwa kwenye ngazi, kichwa kikitangulia. Vijana wenye akili walihama. Wenye akili zaidi hawakuzaliwa huko kabisa. Alichokikataa Nesi ni kimoja tu: kwamba watu wachache maana yake si watu.

Ndipo ukaja waraka. Zahanati inayohudumia watu wasiofika mia mbili itafungwa, na atakayehesabiwa ni kila aliyelala kijijini usiku wa kuamkia siku ya hesabu. Afisa akatumwa. Alifika kwa gari hadi barabara inapokatikia, akatoa darubini, akaielekeza juu, akaandika. Nesi alipomfikia huko chini, roho juu, bwana alikuwa amekwisha kufunga daftari.

"Nyumba tatu," alisema. "Pole, dada."

"Moja ni zahanati."

"Basi mbili."

"Nyingine ni choo cha zahanati."

Afisa alichungulia tena. "Basi moja. Naona kadiri tunavyoongea ndivyo mnavyopungua."

Wenyeji wa mlima ule hawajengi upande wa barabara, kwa kuwa upande wa barabara ndio upande wa upepo. Nyumba zao zote zimejibanza kisogoni mwa mlima, zimesongamana kama kuku wanaokwepa mvua. Zahanati peke yake, na choo chake na banda la punda, ndiyo iliyowekwa mbele, maana ramani yake ilichorwa na mtu wa mjini aliyetaka itoke vizuri pichani. Ndiyo sababu ya lile gunia dirishani.

"Panda ukaone," Nesi alisema.

"Na viatu hivi?"

"Fomu yako inataka muhuri wa zahanati."

"Si ungekuja nao?"

"Muhuri hautoki kituoni. Kifungu cha tisa. Mliandika wenyewe."

Nyaraka za wakubwa hazikuwa zimemfaa Nesi hata siku moja. Siku hiyo alitamani kukibusu kifungu cha tisa mdomoni.

Walipanda kwa saa nne nzima. Katikati ya njia afisa alikaa juu ya jiwe, uso umemshuka. "Kwani nani aliwatuma mje kukaa huku?"

"Na wa bondeni nani aliwatuma? Mafuriko huwahesabu kila mwaka, lakini kwao mnajenga hospitali."

Walipofika, midomo ya afisa ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Hewa nyembamba ilikuwa imemshika kichwa na tumbo kwa pamoja. Akatapika mlangoni, juu ya vile viatu. Kumteremsha jioni ile kwenye njia ya mawe kungekuwa kumuua kwa mkato. Nesi akamlaza kwenye kitanda cha pekee.

Asubuhi rangi ilikuwa imemrudia, ila hakuweza kusimama bila kuyumba. Basi kijiji kikazunguka mlima na kupita mbele ya kitanda, mmoja mmoja, naye akahesabu. Nesi alisimama pembeni ametulia, kwani kwa hesabu zake walikuwa mia mbili na wanne. Mwisho wa mstari, afisa alipiga jumla mara mbili.

"Mia moja tisini na tisa."

Ndipo Nesi alipokumbuka. Familia ya seremala! Watu watano, walihama mwezi uliopita, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafungia mizigo.

Mama mkwe hakupoteza muda. Alimsukuma mbele mjamzito mmoja. "Huyu mwandike mara mbili. Hukuona tumbo?"

"Mimba haihesabiwi, mama. Anahesabiwa anayepumua, aliyelala hapa jana. Waraka haunipi nafasi ya huruma."

Nesi alikitazama kitanda, kisha aliyekilalia.

"Na wewe ulilala wapi?"

"Mimi? Mimi ni afisa."

"Maafisa hawalali?" mama mkwe alidakia. "Umekoroma, mwanangu, mpaka punda wakaitikia."

Afisa alifungua waraka, akakipitia kifungu cha hesabu chote kwa kidole akitafuta tundu la kutokea. Hapakuwa na tundu. Kiliandikwa *kila aliyelala*, na aliyekiandika hakuwahi kufikiria kwamba mtu wa ofisini anaweza kulala mahali kama pale. Akaandika: mkazi wa mia mbili, mwanamume, hali ya afya mbaya. Nesi akagonga muhuri kwa nguvu hata meza ikalia.

Walimteremsha mchana juu ya punda. "Mkazi!" mama mkwe alimpigia kelele kutoka juu. "Usikawie huko bondeni, viazi vyako vinataka palizi!"

Hakugeuka.

"Atarudi, unadhani?" mama mkwe aliuliza.

"Nani mwenye akili timamu arudi huku?" Nesi alisema.

Ndani, yule mjamzito alikuwa ameinamia ukingo wa kitanda, jasho likimtoka, akiuma kona ya kanga. "Nesi, kama mmemaliza kuhesabu."

Nesi alitandua shuka la mkazi wa mia mbili, akatandika jingine.