Kamba ya Mwantum

Saa moja asubuhi mtaani Rohero, Bujumbura, watoto wa shule wanapita mbio wakiwahi kengele, na hakuna anayetazama juu. Wangetazama wangeona buti mbili nyeusi zimekanyaga tawi la mparachichi, juu kabisa ya paa la nyumba, na ndani ya buti hizo mwanamume mwenye kofia ya kufuma anayezungumza na mti.

"Bismillahi. We na mi, leo tusiumizane."

Huyo ni Shakuru, mkata miti na muuza kuni wa mtaa wa Buyenzi, mwenye miaka hamsini na kitu. Mti anaoubembeleza ni wa Adélaïde, mwalimu mstaafu. Mvua ya juzi iliupasua kati, na sasa umeinamia jiko lake na banda lake la kuku.

Mtu asikudanganye, mparachichi ni mti wa kuogopwa. Mvinje una adabu: unalia kwanza, ndipo uvunjike. Mparachichi hausemi kitu. Umesimama, unakuchekea, halafu pwaa, tawi liko chini na wewe uko chini ya tawi.

Ndiyo maana kila tawi nene hufungwa kamba kabla halijakatwa. Kamba inapitishwa kwenye panda ya juu, inashuka hadi chini, na huko mtu wa pili anaizungusha kwenye shina la mti mwingine na kuishika kwa mikono miwili. Tawi likikatika linabaki likining'inia, naye analishusha taratibu kama ndoo ya kisimani. Wapita njia humsifu aliye juu, lakini usalama wa mabati, wa kuku na wa watu uko mikononi mwa aliye chini.

Leo aliye chini ni Fortunat, baba wa watoto wanne, fundi mwashi ambaye kazi ya ujenzi imemkauka. Ana wiki moja tu ya kujifunza kamba. Mikono yake ina nguvu, ila haijaizoea kazi, kwa hiyo Shakuru anapaza sauti tangu asubuhi mpaka koo limekauka.

"Kaza! Kaza, Fortunat! Aya, legeza. Pole pole, sha, pole pole!"

Msumeno wa mota unanguruma, unanyamaza, unanguruma tena. Petroli iliyomo ni ya chupa moja, na kuipata Bujumbura siku hizi ni kazi nyingine peke yake, kwa hiyo matawi membamba yanakatwa kwa msumeno wa mkono. Kufikia saa nne mti umebaki na tawi moja tu, lile lililolala juu ya banda. Shakuru analifunga, analikata, na linaachana na mti bila kishindo. Linaning'inia palepale, majani yakigusa bati.

Kisha anafanya jambo ambalo hakumfundisha Fortunat. Anazima msumeno, anaishika kamba kwa mkono wa kulia na kuivuta mvuto mmoja mrefu, wa taratibu. Anatulia. Uso wake umelegea, mtu angesema anamsikiliza mwenzake.

Fortunat, huku chini, anaona kamba imevutwa. Anajua kazi yake ni kutii. Anaachia.

Lo! Bati likapiga kelele kuliko kuku wenyewe. Mitetea ikatoka kila upande, manyoya juu, na jogoo akaruka ukuta mpaka kwa jirani na kuanza kuwika kule kama aliyeshinda vita. Adélaïde akatoka jikoni, kitenge kiunoni na mwiko mkononi.

"Yoo! Kuku wangu!"

Hakuna kuku aliyekufa. Bati moja lilikunjika na nguzo ya banda ikalala. Fortunat alikuwa amesimama na mikono wazi.

"Patron, umevuta. Mi nikajua unasema niachie."

Shakuru alishuka bila haraka. Fortunat, aliyezoea mabosi, alisubiri matusi, na matusi hayakuja. Aliokota ncha ya kamba chini.

"Apana, haukukosea. Mi ndiye nimevuta."

"Alors, basi, ulikuwa unavuta ya nini?" Adélaïde aliuliza.

Mkata miti alitazama buti zake. "Nilikuwa namwambia mama Lubna nashuka."

"Mama Lubna iko wapi?"

"Maskati, mwalimu. Iko Oman."

Mwalimu alimtazama, akaitazama kamba, kisha akatazama juu ya mti kama vile Maskati iko huko. Akaenda kuleta chai.

Mama Lubna ni Mwantum, mke wake. Walioana wakiwa vijana pale Buyenzi, Shakuru akiwa bado anabebea marehemu mjomba wake shoka na kamba. Mjomba alipozeeka, mshika kamba akakosekana. Waliojaribiwa walikuwa wakisinzia, au wakikodolea macho wapita njia. Siku moja Mwantum akafunga mtandio vizuri, akasema, "Nipe hiyo kamba, mi nitaishika." Akaishika miaka kumi na saba.

Mtaa ulicheka, usione ajabu. Mwanamke anakata miti? Vijana wa gereji walikuwa wakimwita Shakuru yule aliyefungwa kamba na mkewe. "Na ni kweli, nilifungwa," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka. "Nilipenda kufungwa."

Ila Mwantum alikuwa na sharti moja. Nyumba za Rohero ni za wenyewe, zina kuta, zina wageni sebuleni, naye hakuwa tayari kupaza sauti humo. "Alisema, 'Muke wa mutu atapiga makelele mu nyumba ya watu? Apana. Haya iko wapi?'" Basi wakawa wanasema kwa kamba. Mvuto mfupi wa ghafla ulikuwa kaza. Kuitikisa kulikuwa legeza. Na mvuto mrefu wa taratibu, ambao haukutumika ila mwisho wa mti, ulikuwa na maana hii: hili ni la mwisho, kazi imekwisha, nashuka.

Naye Mwantum alikuwa akijibu kwa mvuto mrefu kama huo kutoka chini. Maana yake: shuka, niko hapa.

"Ukiwa juu, hata kama una miaka ishirini ya kazi, una woga," Shakuru anasema. "Sasa unasikia mukono wa mutu unakuvuta hivi, pole pole. Woga inakwisha yote. Mi sijui kama na we una kitu kama hiyo. Mi nilikuwa nayo."

Mwantum aliondoka karibu miaka miwili iliyopita. Msumeno wa zamani ulikuwa umekufa, na binti yao Lubna alitaka kusomea uuguzi. Kuni peke yake hazikutosha, na mwenye kuuliza zilikuwa zikiingiza nini, jibu la Shakuru ni kwamba mti mmoja wa Rohero ulilisha nyumba wiki moja, halafu ukakaa wiki tatu ukisubiri mti mwingine. Ndugu mmoja akampatia Mwantum kazi Maskati, kupika na kumtunza bibi kizee. Mshahara wa kwanza ulilipa shule. Uliofuata ulileta msumeno wa mota, mpya, ukiwa bado na mafuta ya kiwandani.

"Watu wakaja kunipongeza. Mi niliona kama wameleta mashine, wakachukua muke."

Tangu hapo hakupanda mti mrefu. Alikuwa akikubali vichaka, mapera, matawi ya kufikia kwa ngazi. Kamba kubwa aliitundika msumarini. Mparachichi wa Adélaïde ndio mrefu wa kwanza, na aliukubali kwa sababu ulikuwa unahatarisha nyumba. Mkono wake ukasahau aliyekuwa chini ni nani.

Yote hayo aliyasimulia akiwa ameshika kikombe cha chai, na lililo zito akaliacha mwisho. Mkataba wa Mwantum unakwisha mwezi huu. Familia ya Maskati inampenda, inataka aongeze miaka miwili, na Ijumaa ndiyo siku ya jibu. Mwantum alimpigia simu, akamwuliza, "Baba Lubna, we unasemaje?"

"Na we ukasemaje?" Adélaïde aliuliza.

"Nikamwambia, fanya unavyoona."

"Yesu wangu! Kwa nini?"

"Mwalimu, mutu amekununulia mashine. Amelipia mutoto shule. We mwanaume umwambie nini, acha, rudi, nimechoka kula peke yangu? Ni haya."

Adélaïde aliweka kikombe chake chini. Amefundisha darasa la nne maisha yake yote na huwa hazungushi maneno.

"Sikiliza. Fortunat ameachia kamba leo, tumeona. Na we, muke wako iko juu, anakuvutia kamba, anakuuliza. We umefanya nini? Umeachia. Sasa unamulaumu Fortunat ya nini?"

"Simulaumu."

"Alors jilaumu."

Shakuru alichukua nyundo, akalinyoosha lile bati, akaisimamisha nguzo na kumwendea jogoo kwa jirani yeye mwenyewe.

Ijumaa, baada ya sala, yuko Gasenyi, kaskazini, mji unapokwishia. Hapa ndipo penye kiwanja chake cha kuni. Mparachichi wa Rohero umekwisha kuwa vigogo. Fortunat anavipasua kwa shoka na kabari, na Shakuru anazipanga kuni kwa mkingamo, safu hivi, safu vile, gome likitazama juu ili mvua iteleze. Anagonganisha vipande viwili vya zamani. Vinalia kwa sauti kavu, ya juu. Hizo tayari, zimekauka. Anagonganisha vingine, vinatoa mlio mzito wa uji. Hizo bado.

Pembeni, chini ya bati la peke yake, kuna rundo dogo la kuni za mvinje. Zimekauka hadi ncha zimepasuka. Gaël, mchoma mishikaki, amezitamani tangu mwaka jana, na leo tena amekuja kuuliza.

"Mzee Shakuru, hizi zinakungoja nini? Niuzie."

"Apana. Hiyo iko na mwenyewe."

Mwenyewe ni Mwantum. Macho yake hayapendi moshi, na mvinje unawaka safi. Shakuru alimwekea mwezi ule ule alioondoka, ili akirudi apikie. Mchwa wakala rundo la kwanza. Akakata jingine, akaliinua juu ya mawe. Kuni hizi zimengoja hadi zimekuwa nyepesi mkononi, naye huzigeuza kila mvua inapopita, mtu mzima na ndevu zake, anageuzia kuni mtu asiyekuwapo.

Simu inalia. Mikono ya Shakuru imejaa utomvu, kwa hiyo anaiweka juu ya gogo, sauti wazi. Fortunat anaegemeza shoka. Gaël anajifanya anatazama kuni.

"Asalaam aleikum, baba Lubna."

"Waaleikum salaam, mama Lubna. Umeshindaje?"

"Alhamdulillahi. Hapa wananingoja. Karatasi iko mezani. Sijasaini. Nilisema nikuulize mara ya mwisho."

Shakuru anapangusa mikono kwenye suruali ingawa utomvu hautoki hivyo. Fortunat anajua maneno gani yako kooni mwake, fanya unavyoona, yameshazoea kutoka.

"Mama Lubna, Jumanne nilipanda mparachichi. Muti murefu. Kwa mwalimu mumoja, Rohero."

"Murefu? Na nani chini?"

"Fortunat. Mutu mwema. Nilipokata la mwisho nikavuta kamba. Ile yetu. Sijui hata nilifikiri nini. Nilivuta, mama Lubna, na hakuna mutu alinijibu. Nimechoka kuvuta bila jibu. Mashine ni nzuri, Allah akulipe. Mutoto anamaliza shule. Lakini mi sitaki mashine. Mi ninakutaka we."

Kutoka Maskati inasikika feni, na mbali, sauti ya kizee ikiita kwa Kiarabu. Gaël amesahau kujifanya. Fortunat anatazama ardhi.

"Kwa nini haukusema?" Mwantum anauliza hatimaye, na analia waziwazi. "Mi nilijua umezoea. Nikasema labda anaona afadhali pesa. Kila siku nasubiri useme."

"Niliona haya."

"Haya gani, baba Lubna! Mutu na muke wake!"

"Nimesema sasa."

Mwantum anapenga kamasi huko aliko. Kisha sauti yake inakuja karibu na simu, ndogo, ile ya mwanamke asiyepiga kelele katika nyumba ya watu.

"Basi sikiliza. Mi ndiye niko juu. Kazi imekwisha. Navuta, baba Lubna. Unasikia? Navuta."

Shakuru amepiga magoti mbele ya gogo. Mkono wake wa kulia umefumba hewani na unajivuta kwake mwenyewe, mrefu, taratibu.

"Shuka," anasema. "Niko hapa."

Mwezi ukiisha atakwenda uwanja wa ndege na Lubna kumpokea mkewe. Mipango mingine anayo, tena mingi: kumfundisha Fortunat kupanda, kwa sababu mshika kamba wa zamani anarudi, na kumjengea Mwantum kibanda hapa Gasenyi auzie kuni kivulini, kama atataka. Ataulizwa kwanza, anasema.

Kwa leo anainuka, anapangusa magoti na kwenda kugeuza kuni za mvinje. Gaël, ambaye ameshindwa kuondoka, anamwuliza kwa upole kama hata kifungu kimoja hakiuzwi.

"Apana," Shakuru anajibu. "Mwenyewe anashuka."