Hoho ya Mzee Haji

Siku yangu ya kwanza kazini nililia mbele ya watu nisiowajua, wala sikuwa na huzuni yoyote. Nilipewa beseni la pilipili mbuzi zilizoiva nizipasue nitoe mbegu. Jasho likanijia, nikajifuta jicho kwa kiganja. Ilikuwa Iringa mjini, kwenye kitalu cha miche nyuma ya duka la pembejeo. Msimamizi, mama wa Kibena aliyefunga kilemba hata akiwa tuta kwa tuta, alinikuta nimeinamia bomba nanawa, na mikono inazidi kuwaka.

"Pilipili haisikii maji," akaniambia, akanimiminia mafuta ya kupikia viganjani. "Mafuta kwanza, halafu sabuni, maji mwisho."

Jicho aliniachia lilie mpaka litosheke. Wenzangu walicheka, na hadithi ile ikanifuata miaka yote kila nilipohamishiwa. Naitaja mapema kwa sababu ndiyo iliyokuja kuniponza.

Ninyi mnaoanza kazi ya mbegu leo mmenizidi shule. Mimi niliishia darasa la saba kijijini kwetu, karibu na Tosamaganga. Haya nayatoa kwenye madaftari yangu, maana nina tabia ya kuandika kila jioni nilichofanya, hata kama hakina maana. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mbegu tulizikaushia kivulini, kwa kuwa jua kali huua kiini. Tulizisia kwenye trei, na mche ukifikisha majani manne tuliuhamishia kwenye kiriba, yaani kile kifuko cheusi cha nailoni. Lakini Msimamizi alichosisitiza kuliko vyote ni karatasi. Mbegu isitoke mkononi mwako kabla hujaiandikia jina.

"Mbegu haina uso," alikuwa akisema. "Uso wake ni karatasi."

Kweli, ukimwagiwa mbegu za pilipili kali na za hoho mezani, ni vigumu mno kuzitenga. Inabidi usubiri ziote, zitoe maua, ndipo uanze kuuliza. Ua liko moja kwenye fundo la tawi au yako mawili, matatu? Ni jeupe au lina ukijani? Tunda linatazama chini au juu? Likiiva, linachomoka kwenye kikofia chake kwa urahisi au linang'ang'ania? Kuonja ni mwisho, tena kwa ncha ya ulimi. Nilijifunza hayo Iringa kwa miaka sita, nikadhani naijua pilipili.

Kisha Tajiri, mzee wa Kihindi mwenye maduka yale, akafungua duka na kitalu Mbeya, nikapelekwa huko. Juu yangu kulikuwa na Meneja, kijana mwenye digrii ya kilimo, mwepesi wa kuamua. Mtunza stoo alikuwa Mzee Haji, mtu wa Unguja aliyekuja bara kutafuta kazi akabaki. Baridi ya Mbeya hakuizoea. Alivaa sweta mbili mpaka saa sita mchana. Kila asubuhi alinisalimu kwa utani uleule: "Anjela, leo hujalia?" Nami namjibu, "Bado, Mzee, siku haijaisha."

Mwaka mmoja wateja walikuwa wanaulizia pilipili kali, na Mzee Haji alikuwa anakwenda likizo kwao. Meneja akamwambia, mimi nisiwepo, akipata mbegu zake nzuri alete. Akarudi na kopo, ameandika juu yake kwa mkono wake: HOHO. Siku aliyonikabidhi, Meneja alikuwa Igawa kwa wateja wa huko.

"Hoho hizo, mwanangu," akaniambia. "Chunga macho."

Nikacheka. Nilijua ni utani wetu wa siku zote. Nikazifunga kwenye bahasha zenye picha ya hoho, ile nene ya kijani tunayokatia kwenye mchuzi na kachumbari. Aliyezichukua karibu zote ni Mama Neema, mkulima wa Kinyakyusa, mjane, mteja wetu wa tangu duka linafunguliwa. Alikuwa ameahidi kuipelekea hoteli moja ya mjini hoho msimu mzima, na shamba lote akalitoa kwa kazi hiyo.

Miezi mitatu baadaye aliingia dukani na tawi mkononi. Hakupiga kelele. Aliliweka juu ya kaunta akaniuliza, "Dada, hii ni nini?"

Vitunda vilikuwa virefu kama kidole cha mwisho, vimetazama juu. Nikaenda naye shambani, nikapita mstari kwa mstari. Maua mawili mawili kwenye fundo, meupe yenye ukijani. Lililoiva nililivuta, likachomoka na kuacha kikofia kwenye mti. Nikaonja kwa ncha ya ulimi, na sikuhitaji kuonja mara ya pili. Nilimwambia ni jamaa wa pilipili kichaa, ila ndefu kidogo. Jina lake kamili sikulijua, na mpaka leo silijui.

"Na hoteli niwaambie nini?" akauliza.

Nilikata tawi jingine, nikampelekea Meneja.

Meneja alimwita Mzee Haji mbele yetu sote, akamwambia alitumwa mbegu kali, akazileta akaziandika hoho, na amemharibia mteja. Mzee Haji akasema, "Nimeandika hoho, na hoho ndiyo." Meneja akampa kitunda kimoja akionje. Mzee akakitafuna, machozi yakamlenga, akarudia: "Hoho hii." Tulimwona mbishi. Mimi pia nilimwona mbishi, nisijitoe. Jumamosi ile aliachishwa kazi. Alikunja sweta zake, akaniaga kwa adabu, wala hakunitania.

Jioni ya siku tatu baadaye nilikuwa napitia daftari kutafuta tarehe ya kusia, nikakuta nimeandika: Mzee Haji kaleta kopo la hoho, kasema nichunge macho. Nikaisoma tena. Hoho ya kachumbari na macho vinahusiana nini? Utani niliuweka mimi. Yeye huenda alikuwa ananieleza kazi.

Tajiri alipokuja Mbeya kukagua duka, nilimuuliza, maana alikuwa na ndugu Unguja. Nikamwambia, "Mzee, kule kisiwani hoho ni ipi?"

Akacheka. "Kule hoho inawasha, Anjela. Hii nene ya kwenu wanaiita pilipili boga." Kisha kicheko kikakatika, akatazama mlango wa stoo.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Tajiri alijua habari ya neno tu. Hakujua kwamba nilionywa na mimi nikacheka. Na wiki ileile nilikuwa nimeambiwa nitafanywa msimamizi wa kitalu. Nilinyamaza siku nne. Nilijiambia kwamba kopo ameandika yeye, kwamba mimi ni Mhehe, nitajuaje maneno ya pwani. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililonipa usingizi. Siku ya tano nilipeleka daftari kwa Meneja nikamsomea mstari ule, nikamweleza alichosema Tajiri na siku nilizokaa nacho.

Akalivuta daftari, akausoma mwenyewe. "Ulinyamaza siku nne?"

"Ndiyo, Meneja."

"Na mimi sikumuuliza hata swali moja," akasema. "Digrii yote hii, sikumuuliza hoho maana yake nini."

Namwandika hivyo kwa sababu wengi walimsema vibaya, na siyo haki. Alimpigia simu Mzee Haji mbele yangu, akamwomba radhi, akamwambia nafasi yake ipo. Mzee alimshukuru, akasema baridi ya Mbeya imemtosha. Mimi nilipopewa simu nilisema, "Mzee, uliniambia nichunge macho." Akajibu, "Nilikwambia, mwanangu," basi. Sikuweza kupima kwa sauti ile kama amenisamehe.

Mama Neema tulimpelekea miche mipya ya hoho bure, na zile kali Tajiri alizichukua zote kwa ajili ya achari inayotengenezwa na akina mama wa nyumbani kwake. Mama huyo hakuharibikiwa kabisa. Lakini hoteli ile haikungoja, ikapata mtu mwingine, na hilo hatukuweza kumrudishia. Aliendelea kununua kwetu. Ila tangu siku hiyo kila bahasha aliigeuza mbele yangu akauliza, "Hii ni hoho ya nani?" Watu dukani wakacheka, na mimi nikacheka, na nikamjibu sawasawa kila mara.

Usimamizi nilipewa. Sijui kama niliustahili. Niliushika mpaka nilipostaafu mwaka juzi, nikarudi kwetu. Kwenye kitalu changu kila bahasha iliandikwa jina, na chini yake mambo tuliyoyaona kwa macho: imetoka kwa nani, maua mangapi kwenye fundo, tunda linatazama wapi, inawasha au haiwashi. Nisipoijua nilimwandikia mteja kwamba siijui. Wengine waliniona mjinga.

Mwaka uliofuata baada ya mkasa ule, kifurushi kilifika stendi ya Mbeya kwa basi, kina jina langu. Ndani kulikuwa na mbegu kwenye karatasi ya daftari, na mwandiko wa lile kopo: PILIPILI BOGA. Chini yake: hizi ndizo zako, Anjela, usilie.

Nilizisia peke yake. Maua niliyafunga kwa vipande vya chandarua ili nyuki wasiyachanganye na pilipili kali za jirani, kwani hoho ikichavushwa na kali, mbegu zake huzaa matunda yanayowasha. Ua lilikuwa moja kwenye fundo, jeupe. Tunda likatazama chini, likanenepa. Nikalionja kwa tahadhari, likawa tamu.

Hapa nyumbani nazisia kila mwaka, kwa chandarua kilekile. Kwenye bahasha naandika majina mawili, la kwetu na la kwao. Na kila msimu, kabla sijampa mtu mbegu, napasua tunda la kwanza, naonja, halafu najifuta jicho kwa kiganja makusudi. Bado halijaniwasha.