Kula Mbichi na Mama Mkwe

Atiriri! Nyinyi mmekaa hapo, wacheni kutafuna kidogo mnisikize. Na kama kuna mtu hapa mama mkwe wake yuko karibu, asonge mbali na yeye, kwa sababu hii maneno iko na aibu.

Hiyo miaka ya tisini tulikuwa tunaishi mtaa ya Skuta, nyumba ya mbao, rumu moja na pazia katikati. Mama mkwe akatoka Kangari akakuja kukaa kwetu akipimwa presha. Sasa nyinyi mnajua mila yetu. Mama mkwe sio mtu wa kuzoeana. Ukimwona kwa njia unajitupa kwa ua hata kama iko na miiba. Kukohoa mbele yake ni dhambi. Mimi hata kwenda choo nilikuwa naaga, na kwetu mama ni maitu: "Maitu, wacha nifike hapo nje nione ng'ombe." Na hatukuwa na ng'ombe.

Akakuja na sheria yake. Mama mmoja wa kanisa alimwambia presha inaisha ukikula vitu mbichi peke yake, moto isiguze. Ngai! Kwetu githeri inachemka mpaka mahindi na maharagwe inaomba msamaha. Mbichi ni ya sungura! Lakini bibi yangu akanikazia macho: "Mama hatakula kama mbuzi peke yake. Utakula na yeye. Na ni wewe utaenda soko." Yeye mwenyewe akabaki na githeri yake moto.

Kuchagua najua, hapo msinichezee. Avokado unatingiza kwa sikio, ukisikia mbegu inatembea ndani, hiyo iko tayari. Minji, hizo njegere, unasugua pamoja, ikilia kama panya ni ya leo. Kabeji unagonga kama mlango ya chifu. Karoti ikipinda bila kuvunjika, hiyo rudisha. Na mvua ilikuwa imenyesha mpaka karoti moja unabeba kwa bega.

Hiyo siku mama wa soko akanionyesha kitu sijawahi kuona. Mviringo, nyeusi na matope, majani imesimama kama nywele ya mtu ameshtuka. Akasema, "Hii ni bitiruti, inatoka mashamba ya huko Nanyuki. Msimu yake ndio hii. Wazungu wa hoteli wanaikula mbichi." Nikaifinya, ngumu kama jiwe. Nikabeba ya kutosha harusi.

Bibi akaikatakata nyembamba. Mama mkwe upande ule wa pazia, mimi upande huu, tukatafuna kama ng'ombe wawili wa maziwa.

"Tamu, mkwe."

"Asante, maitu."

Tukamaliza yote.

Asubuhi nikaenda kuona ng'ombe. Woi! Nikaangalia chini. Nyekundu! Na sio nyekundu ya kubahatisha, nyekundu ya mbuzi ya Krismasi. Nikaona roho yangu imekaa juu ya paa ikifunga kamba ya viatu, iko tayari kuenda. Nikapima damu yenye imebaki kwa mwili, nikaona saa sita ya mchana haitanipata.

Sasa nimwambie nani? Bibi? Kwa hiyo nyumba ukifikiria kwa nguvu mtu wa upande ule wa pazia anasikia. Niseme ati nakojoa damu, na mama mkwe anasikia? Nikaamua heri nikufe na heshima.

Nikarudi ndani polepole. Mama mkwe alikuwa anaimba chini chini. Wimbo ya mazishi! Jasho ikanitoka mpaka kwa kucha. Nikajua Mungu amemwonyesha, ananizika mapema.

Akaacha wimbo, akasema, "Mkwe, mmeniweka vizuri hapa. Asante kwa kila kitu."

"Hata wewe, maitu. Asante kwa kunipea msichana."

Sauti yangu ilikuwa ya kifaranga. Bibi akauliza, "Kwani leo mko na nini nyinyi?" Nikamwambia naenda kutafuta karoti. Nikaangalia huyo mama wa watoto wangu mara ya mwisho, machozi karibu.

Nikapitia njia ndefu ya nyuma watu wasinione, nimeshika tumbo na mikono mbili, natembea kama mtu amebeba mayai. Nikafika kliniki. Kwa benchi, nani ameketi hapo na kitambaa yake ya kanisa kwa kichwa? Mama mkwe! Amekata katikati ya mashamba ya watu.

"Maitu! Uko hapa?"

"Nimekuja kusalimia daktari. Na wewe?"

"Naulizia dawa ya ng'ombe."

"Ile unaendanga kuona kila asubuhi?"

"Hiyo hiyo, maitu. Ni mgonjwa sana. Sidhani itaona kesho."

Nikaketi mwisho wa benchi, yeye mwisho ule mwingine, kila mtu anaangalia ukuta yake. Yeye anaomba chini chini. Mimi nahesabu misumari ya benchi.

Nesi akatoka. "Nani amefika kwanza?" Nikasema, "Ni maitu." Akasema, "Ni mkwe." Hakuna mtu alitaka kuongea mwingine akisikia. Nesi akachoka, akainama kwa mama mkwe, akanong'onezewa. Akakuja kwangu, na mimi nikanong'ona, mdomo imekauka kama unga. Akasimama katikati yetu, akaangalia huku, akaangalia kule.

"Jana mlikula bitiruti?"

Tukaitikia na kichwa.

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Endeni nyumbani! Hiyo sio damu, ni rangi ya bitiruti inapita. Kesho imeisha."

Na kabla sijapumua, mama mkwe akaruka juu mbele ya laini yote ya wagonjwa, mikono hewani:

"Asante Yesu! Kumbe hata mkwe wangu anakojoa nyekundu!"