Mahindi ya marehemu mke wangu yalitoa ndevu kabla hatujamzika

Salamu wakuu. Hapa mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo mara ya kwanza. Nitaeleza yaliyonipata kama yalivyokuwa, na pale nisipojua nitasema sijui.

Mimi ni Mkenya, Mbukusu wa Bungoma. Nachomelea mageti Kabalagala, hapa Kampala, na naishi Kisugu. Shule niliishia darasa la saba.

Mke wangu Nansubuga, Muganda wa Lubaga, ndiye aliyesoma. Alikuwa mtafiti wa mbegu za mahindi, shamba lao liko nje ya mji.

Nyumbani tuliongea Kiswahili, yeye chake cha Kampala. Sikumrekebisha hata siku moja. Nilikipenda.

Nyuma ya nyumba tuna kiwanja kidogo. Huko alikuwa na mahindi yake mwenyewe, si ya kazini. Mbegu ilitoka kwa mama yake: mahindi matamu ya kuchoma. Ila mbelewele yake, yaani lile ua dume la juu linalomwaga chavua, ilikuwa kama ufagio, matawi kila upande.

"Angaria," aliniambia. "Hii ua inakula chakula ya mahindi. Tena inawekea majani kivuli."

Akafanya cross, yaani akayachanganya na aina nyingine yenye matawi machache. Watoto wa kwanza wakatoka katikati. Wajukuu ndio wakatawanyika: huu matawi mengi, ule machache, mingine katikati.

Nikamuuliza kwa nini haikugawanyika makundi mawili tu. Akasema matawi hayaamuliwi na jeni moja. Ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo, ndiyo maana hata watoto wa tumbo moja hawalingani urefu.

Kazi yake ikawa kuchagua mmea wenye matawi machache, kuupa chavua yake wenyewe, kupanda, kisha kuchagua tena. Na asiyapunguze mno, maana chavua ikiwa haba mahindi yanatoka na mapengo.

(Mtanisamehe kama naeleza kienyeji. Nilijifunzia jikoni, yeye akipika.)

Msimu wake wa mwisho fukusi walikuwa wamekula akiba, kwa hiyo alipanda mbegu zote zilizobaki. Mmea aliouchagua akaufunga kitambaa. Hindi lake changa akalivika mfuko wa karatasi kabla halijatoa ndevu, ili chavua ya jirani isiingie.

Kisha akaugua ghafla. Hakurudi kutoka hospitali.

Watu walijaa nyumbani. Mazishi yalimsubiri kaka yake aliyeko ng'ambo. Na mnaoijua Buganda mnajua: maiti ikiwa haijazikwa, hakuna anayelima. Majembe yanalala.

Nilikwenda nyuma kunawa uso, nikachungulia ndani ya ule mfuko. Ndevu zilikuwa nje, ndefu, zimeanza kulegea.

Zikikauka bila chavua, hakuna punje. Na mbegu nyingine hatukuwa nayo.

Nikaivika mbelewele mfuko wa kukusanya chavua kama alivyokuwa akifanya, nikaiacha mpaka kesho yake. Asubuhi, umande ulipokauka, nikawa nimeinamisha mmea nataka kuutikisa. Justine, mdogo wake, ambaye huniita muko, yaani mkwe wao, akanikuta.

"Muko! Dada iko kwa sanduku, wewe unalima?"

"Silimi, Justine."

"Wakenya nyinyi! Hata matanga mtaifanya biashara!"

Akina mama waliokuwa wakimenya ndizi za matooke wakacheka.

Sasa, mama mkwe wangu alikuwa chumba cha nyuma, dirisha lina pazia. Kwa Waganda mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasogeleani. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumwona uso vizuri. Sauti yake ikatoka, kwa Kiganda.

"Justine, ana jembe?"

"Hana, maama."

"Muulize ni mahindi gani."

Nilikuwa nimesikia kila neno, lakini kwa adabu ya ukwe nikangoja Justine aniulize.

"Mwambie ni yale yake," nikasema. "Yale Nansubuga alikuwa akiyapunguza matawi."

Justine akarudia.

"Muulize, akingoja mpaka tuzike?"

"Yatakufa," nikajibu.

Hilo Justine hakulirudia. Halikuhitaji kurudiwa.

"Basi mwambie afanye. Na wewe kamshikie."

Justine akafuta mikono kwenye gauni, akaja. Yeye akashika hindi, mimi nikatikisa mfuko, nikamwagia chavua juu ya ndevu. Nyingine ikamwangukia mkononi, vumbi la njano. Akaitazama, hakuipangusa.

Tangu hospitali nilikuwa sijalia. Nililia pale.

Hindi lilitoka na mapengo mengi, lakini lilitoka. Nusu ya punje nikampelekea mama mkwe kupitia Justine, akazipanda Lubaga. Zilipofika kutoa mbelewele, niliitwa nikasaidie kuchagua.

Karibu mimea yote ilikuwa na matawi machache. Mmoja ukatoka na ufagio mkubwa uleule wa zamani. Pengine ni jeni zilizokuwa zimejificha. Pengine chavua ya jirani iliingia nilipochungulia. Sijui.

Nansubuga angeukata mapema. Nikaushika niukate.

Sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya nyumba: "Justine, mwambie muko auache huo."

"Maama, iko na matawi mingi!"

"Naona. Hayo ndiyo mahindi Nansubuga aliyokulia."

Nikauacha. Mbelewele yake nikaivika mfuko isimwagie mingine, nao nikaupa chavua yake wenyewe. Sasa tunatunza aina mbili, yake na ya mama yake.

Nilichojifunza: nilidhani wakwe wangeniona sina heshima. Kumbe walikuwa hawajui tu ninachojaribu kuokoa. Ukifiwa, sema unachohangaikia, usikifanye kwa kujificha.

Wenye ujuzi wa mbegu, naomba msaada. Ya Nansubuga yanazidi kuwa mafupi na dhaifu kila msimu. Nianze kuyachanganya ndugu kwa ndugu, au nifanyeje?

Na kama huna la mbegu, salamu tu zinatosha. Nyumba imekuwa kimya.