Kilomita Moja Kabla ya Ruaha Mbuyuni

Dereva mmoja wa lori, mteja wa siku nyingi, alipoingia dukani kwa Joyness, pale Mbeya, alifuta vidole vyake vinene kwenye suruali kabla ya kugusa kila kifaa cha ramani. Joyness alimsifia kile kinachofika mpaka Lubumbashi. Yeye akakiwasha, akatafuta Ruaha Mbuyuni, akakirudisha. Cha pili vilevile.

"Hakuna kinachoongea ikibaki kilomita moja kufika?" aliuliza taratibu.

"Baba, si barabara unayopita kila wiki hiyo?"

"Ndiyo. Nilizoea kumpigia mke wangu honi nikikaribia nyumbani pale. Tulimzika mwezi wa tatu, ila mkono bado unapiga wenyewe nisipokumbushwa." Akautazama, akauficha mfukoni. "Na mama yake akiisikia, bado anamwita atoke."