Darubini ya Mkwe

Clémentine alipostaafu ulinzi wa magetini, kitu kimoja hakukiacha: kulenga shabaha. Wenzake wa kanisani hawakumwelewa. Wao Jumamosi ni kwaya na kusukana nywele; yeye anafunga kilemba chake kile kile cha ibada, anapanda taksi kutoka La Rochelle, mtaa wake wa Joburg, huyo, hadi uwanja wa shabaha nje ya mji, kutoboa karatasi kwa risasi. Rivolva ni ya klabu, inalala kwenye kabati la chuma la klabu, haitoki. Kampuni ya ulinzi ndiyo iliyomfundisha, zamani zile alipofika kutoka Baraka, kule ziwani, na mtoto mgongoni, na siku ya kwanza tu wanaume walinyamaza wakiitazama karatasi yake. Tangu hapo, mtu akimuuliza yeye ni nani katika Joburg hii, hasemi mlinzi wala mkimbizi. Anasema, "Mimi niko kwenye timu."

Sasa timu ilikuwa inamponyoka, na mwizi ni macho. Mbali anaona: nguo iliyoanikwa ghorofani atakwambia ina kiraka. Lakini kile kijiti cha kulengea kilichosimama mbele, juu ya mdomo wa rivolva, kilikuwa kimegeuka moshi. Wazee wanaruhusiwa kufunga darubini juu ya bastola, ile ambayo vijana wanaiita skopu. Bakiri, Mtanzania wa Tanga anayesimamia uwanja, alimwambia bila kumzungusha.

"Mama, mwisho wa mwezi kuna mchujo. Asiyefikisha alama anampisha mwingine. Tafuta darubini. Ukiondoka wewe nitabaki na hawa vijana, na hawa hata salamu hawana."

Clémentine alimweleza binti yake Falonne, mwenye saluni Yeoville. Falonne akamweleza mume wake, Emery, fundi seremala. Hapo ndipo mambo yalipopinda.

Kwao, kule ziwani, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Mkwe akisikia sauti ya mama mkwe mlangoni, anatokea mlango wa nyuma. Hali chakula mbele yake, hamtaji jina, na neno lolote linapita kwa mke. Mpaka siku mkwe alete zawadi ya kufungua kinywa. Mama akiipokea na kuitumia, ndipo wanaanza kusalimiana. Lakini hawa walioana hapa hapa Joburg, mbio mbio, wazee wa mume wakiwa kambini, na hakuna aliyefunguliwa kinywa. Basi wakawa wanakaa wote watatu nyumba moja ya kupanga, jiko moja, na mwanamume mzima mwenye ndevu anatoka kwa dirisha kwa ajili ya heshima.

Emery angemuulizaje? Alinunua kama mkwe anavyonunua. Mkwe hapeleki kifaranga ukweni. Aliingia dukani akaomba darubini iliyo kubwa kuliko zote, akaifunga kwenye kitenge kipya, na Falonne akaipeleka kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa.

"Mume wangu anasema hii ni kwa macho ya mama."

Clémentine akafungua. Ilikuwa ndefu kama mchi, nyeusi, inang'aa. Nyuma ya mlango mtu alikohoa.

"Mwambie aksanti sana," alisema Clémentine kwa sauti ya kufika mlangoni. "Mwambie macho yamepona hata kabla ya dawa."

Jumamosi Bakiri aliigeuza mikononi, akaguna.

"Eish, Mama. Hii ni ya bunduki ya kuwindia. Bunduki unailaza shavuni, jicho linakuwa karibu na kioo. Bastola unainyoosha mbele mikono yote miwili. Ukitazama humu kwa mbali utaona kama unachungulia tundu la ufunguo. Ziko za bastola, zimetengenezwa jicho likae mbali."

"Funga."

"Itakupiga usoni."

"Bakiri, kwenu Tanga mkwe akileta mbuzi, mama mkwe anamwambia mbuzi wako kilema? Funga!"

Bakiri alimwekea risasi zile dhaifu za kujifunzia, moyo haukumpa kumwekea zile kali. Clémentine alinyoosha mikono: duara dogo jeusi, na katikati kichembe cha mwanga. Akakunja viwiko, akaileta bastola karibu, karibu tena, mpaka karatasi ikajaa kwenye kioo. Aliiona vizuri ajabu. Akavuta.

Rivolva ilirudi nyuma kama punda aliyepigwa. Ukingo wa darubini ukamchana juu ya nyusi, na damu ikashuka kwenye kilemba cha ibada.

"Nilisema," alinong'ona Bakiri, akimfunga kitambaa.

"Ulisema. Sasa nyamaza."

Nyumbani Falonne alitupa kitana. "Mama! Nani amekupiga?"

"Mlango wa taksi."

"Mlango wa taksi umechora mwezi mchanga?"

"Siku hizi hawa madereva ndivyo wanavyofunga. Niletee maji."

Usiku ule hakula. Kidonda hakikumuuma sana. Aliyemuuma ni huyu kijana wa watu, aliyekosa kwa kuheshimu. Akiirudisha darubini, amemvua nguo mbele ya mkewe. Akienda nayo kwenye mchujo, timu imekwisha. Akajiambia: basi na iishe. Timu ni karatasi tu. Lakini alipojiambia hivyo akageukia ukutani.

Asichojua ni kwamba seremala anakijua kidonda cha chombo. Emery alikuwa amemwona kwa upenyo wa pazia, na mlango gani wa taksi una ukingo wa mviringo? Kesho yake, badala ya karakana, alikwenda kwa Bakiri.

Siku ya mchujo Clémentine alifika na mchi wake kwenye kitenge, plasta juu ya jicho, ametulia kama mtu anayekwenda kuzika. Akasimama ghafla. Kando ya meza, mgongo ukimwelekea yeye, alikuwa amesimama Emery. Mezani kulikuwa na darubini mbili fupi.

"Bakiri," alisema Emery akiutazama ukuta, "mwambie mama kwamba kitu kilichotoka mkononi mwa mkwe, mkwe mwenyewe ndiye wa kukibadilisha. Mama hajarudisha chochote. Dukani wamekubali kuipokea ile ndefu, na hizi wamenikopesha zijaribiwe. Achague moja kati ya hizi."

"Bakiri, mwambie amesumbuka bure."

"Mwambie sikusumbuka."

"Jamani, mnasikiana!" alilalamika Bakiri. "Mimi ni mtu, si redio!"

Hakuna aliyecheka, ila mabega ya Emery yalitikisika kidogo.

Bakiri akafunga ya kwanza, inayovuta zaidi. Clémentine alinyoosha mikono na, kweli, picha ilijaa kioo kizima. Lakini karatasi iliruka huku na huku kama mbuzi aliyekatiwa kamba.

"Ukiikuza shabaha umekuza na mtetemo wa mkono," alisema Bakiri. "Si darubini hiyo, Mama. Ni wewe huyo."

"Niondolee. Sihitaji kuonyeshwa uzee wangu mara nne."

Ya pili ilikuwa ndogo na nyepesi, na ilivuta kidogo tu. Kwa macho ya ukweni isingeonekana zawadi. Ungeiweka mfukoni ukaisahau. Clémentine akanyoosha mikono. Picha ikajaa, karatasi ikatulia, na ule msalaba mwembamba wa kulengea ukakaa kifuani mwa duara kama kifungo kwenye tundu lake. Hakukuwa na moshi.

"Hii," alisema.

Aliijaribu kwanza mpaka Bakiri akairekebisha barabara, kisha akaingia mchujoni. Alipiga polepole, akipumua kati ya risasi na risasi, na rivolva ilipanda na kushuka mbali na uso wake. Bakiri alikwenda kuileta karatasi, akarudi akiwa ameishika juu kwa mikono miwili kama mtu wa maandamano. Vijana wawili wa timu walisogea. Mmoja akasema, "Sharp, Gogo," yaani safi, Bibi, na kumbe salamu wanazo.

"Umebaki, Mama," alisema Bakiri. "Umebaki, na kuna wengine hapa watafute kazi."

Clémentine akaiweka rivolva mezani, mdomo ukielekea uwanjani kama sheria inavyotaka. Ule mgongo wa Emery bado ulikuwa umemwelekea.

"Bakiri," ulisema, "mwambie mama—"

"Mama yuko hapa," alisema Clémentine. "Zawadi nimeipokea na nimeitumia. Mwambie wewe mwenyewe."

Emery akageuka taratibu, akayashusha macho mpaka kwenye viatu vya mama mkwe wake, akakohoa kile kikohozi cha nyuma ya mlango.

"Mama, bega lako la kushoto linapanda kabla hujavuta."

Clémentine alimtazama, kwa mara ya kwanza, usoni. Kumbe kijana alikuwa na pengo la meno.

"Salamu kwanza, baba," alimwambia. "Kasoro baadaye."